Kaka, kinga ya Baba haikuwa haba

Kaka yangu,

Ulilolisema chini ya turubai mbele ya wazee, kwamba Baba, aliyeugua korona, alikufa kwa sababu niliridhia apewe deksamethasoni, dawa inayoshusha kinga ya mwili, sijaweza kulisamehe, na kwa kuwa simu zangu hupokei, najibu hapa. Wewe ndiye uliyembeba Baba mgongoni hadi kwenye gari, nami nakushukuru kila nikumbukapo. Lakini daktari aliponieleza hali yake, hukuwapo.

Virusi vya korona vikiingia, seli za njia ya hewa hutoa protini ziitwazo intaferoni kuzionya seli jirani, makrofaji, yaani seli za kinga zinazoishi ndani ya vifuko vya hewa vya mapafu, humeza virusi na mabaki ya seli zilizokufa, kisha baada ya siku kadhaa seli nyingine za kinga, seli T, hufika kuziua seli zilizoambukizwa, huku seli B zikitengeneza kingamwili. Kwa wagonjwa wengi mambo huishia hapo. Baba alikuwa wiki ya pili, na yaliyokuwa yakimuua hayakuwa virusi peke yake: saitokini, yaani protini ambazo seli hutumia kupeana ishara, zilikuwa zikiendelea kuziita neutrofili, aina ya seli nyeupe za damu, kwa wingi mapafuni, na vimeng'enya vya neutrofili huharibu hata kuta za vifuko vya hewa, maji yakavuja ndani, oksijeni ikashindwa kupita kuingia kwenye damu. Wewe ulimletea unga wa kuongeza kinga, ilhali kinga yenyewe ndiyo iliyokuwa imezidi!

Ni kweli deksamethasoni hushusha kinga, na ndiyo sababu alipewa. Juni 2020 watafiti wa RECOVERY, jaribio la dawa za korona nchini Uingereza, walitangaza kwamba miligramu 6 kwa siku zilipunguza vifo kwa takriban theluthi moja kwa waliokuwa kwenye mashine za kupumulia, na kwa moja ya tano kwa waliokuwa wakipewa oksijeni tu. Kwa wasiohitaji oksijeni haikuonyesha faida, kwa hiyo angepewa siku ya kwanza ya homa, ningekuwa upande wako. Baba alikuwa kwenye oksijeni. Dawa hupunguza vifo, haivifuti, na nilichagua alichostahili kupewa.

Sasa nasikia Mama anakohoa. Usimpe deksamethasoni ya duka la dawa, wala usitegemee unga ule. Mpime oksijeni kidoleni asubuhi na jioni. Ikishuka chini ya asilimia 94, mpeleke hospitali usiku huohuo, na madaktari wakiuliza nani anaridhia matibabu, wape namba yangu.