Mwanaidi, naomba unichotee tope

Majengo, Mombasa
Jumapili usiku

Shoga yangu Mwanaidi,

Salaam aleikum. Hujambo wewe, mama hajambo, na yule mtoto wa Riziki keshapona surua? Sisi huku twamshukuru Mungu. Najua nimekuwa kimya tangu harusi ya Kassim, na simu zako mbili sikuzipokea. Niwie radhi. Leo ndiyo siku ya kwanza nakaa kitako baada ya wiki mbili.

Nataka tope. Natanguliza hilo usije ukasoma barua nzima ukidhani mwishoni nitakukopa pesa.

Wakumbuka nilikwambia habari za amfipodi, wale wanyama wa baharini wadogo kuliko punje ya mchele, waliopinda mgongo kama kamba wale wa kuliwa? Maisha yao yote ni ndani ya tope, kwa hiyo likiwa na sumu wao ndio wa kwanza kuipata, na ndio ninaowatumia kulipima. Unatia tope kwenye bika, kile chombo cha maabara, ya lita 1, kimo cha sentimita 2, unamimina maji ya bahari polepole yasilitibue, unaliacha litulie usiku kucha, kesho yake unawatia 20. Huwalishi. Hewa inapulizwa taratibu siku zote 10. Kisha unachekecha tope lote kwa chekeche ya nusu milimita, unahesabu walio hai. Asiyeonekana huhesabiwa kafa, maana akifa huoza upesi, huoni hata gamba lake. Mimi nilikuwa na matope mawili ya horini, ule mkono wa bahari wa huku kwetu, na la tatu safi la kulinganishia, bika 5 kwa kila moja. Jumla amfipodi 300, na wote niliwakusanya kwa mkono wangu.

Lile safi ndilo lililoniliza. Humo, katika 100 wasipungue 90 walio hai, la sivyo kipimo kizima hakifai. Nilipata 71. Nilihesabu mara tatu, Mwanaidi. Nilikaa chini ya taa na brashi laini, nikimgusa mmoja mmoja nione kama atatikisa miguu. Yupo mmoja nilishamtenga na wafu, nikamgusa ubavuni tena, akachapa mkia mara moja tu. Nikamrudisha kwa wazima. Ndiye wa 71.

Sababu nadhani naijua. Tope hulazwa kwenye baridi, nyuzi 4 hivi, gizani. Kuna mtu alitaka nafasi kwenye friji, akaitoa ndoo yangu ya tope safi akaiacha ukumbini, na joto lilivyokuwa juma lile! Nilipofunua mfuniko harufu ilinipanda hadi machoni. Tope lililofungiwa kwenye joto huoza, likatoa amonia, na amonia huua amfipodi hata kama hakuna tone la sumu nyingine. Ningelimwaga palepale. Lakini wanyama walikuwa wameshakusanywa, siku zimebana, nikaanza. Na siku ya sita stima ikapotea saa nne nzima, pampu za hewa zikazima. Hilo nalo sijui niliweke wapi.

Sasa sikia. Mkubwa wangu ameniambia nitoe safu ya tope safi kwenye jedwali, ripoti iende. Ati kwenye yale ya horini wamekufa wengi zaidi, tofauti si ipo? Ipo. Lakini nitajuaje ni sumu ya horini na si pampu kuzima? Nikiandika vile, siku mtu akija kuuliza nitamwonyesha nini? Nimemwambia narudia kipimo chote. Hakupenda, na tangu Alhamisi salamu zake ni za mdomo tu.

Anayenikosesha usingizi ni Mjomba Athumani. Bado achimba minyoo ya chambo palepale horini, miguu mitupu, na kila tukionana huniuliza, “Eh mwanangu, tope letu lina nini?” Nimwambieje? Maji ya hori hubadilika kila siku. Ukichota yakiwa yamejaa utapata maji ya bahari kuu, uandike safi. Tope halina haraka hiyo. Madini ya risasi, shaba, mafuta, vyote hushikamana na chembe ndogondogo na kutulia chini. Ile rangi ya meli yenye tributilini, sumu ya kuzuia viumbe wasishike melini, imepigwa marufuku kimataifa tangu 2008, lakini katika matope ya bandari hudumu miaka na miaka. Na mafuta yaliyomwagika Port Reitz, hapa hapa Mombasa, mwaka 2005 mjomba ayakumbuka kama ya jana.

Uliniuliza siku ile kwa nini tusiagize wanyama waliozoeleka Ulaya. Wenzetu wa Bahari ya Kaskazini hutumia amfipodi wa kwao, Corophium volutator: kemikali za kuchimbia mafuta huchanganywa na tope safi kwa viwango mbalimbali, wakatafuta kiwango kinachoua nusu ya wanyama hao. Ila huyo hupimwa kwenye nyuzi 15. Maji yetu yangemuua kabla ya sumu.

Basi ni wewe na Gazi yenu. Bamvua ijayo maji yakikupwa, pita nyuma ya mikoko, mbali na mahali wanapofulia na wanapoegesha mashua. Kwangua juu tu, lile la rangi ya kahawia. Jeusi linalonuka liache. Ndoo iwe mpya, isiwe ya rangi wala ya sabuni. Ijaze mpaka pomoni, hewa isibaki, uitie kwenye sanduku la barafu la wauza samaki. Amfipodi nitakuja kuwachekecha mwenyewe, hao siwezi kukutwika.

Je, utaweza? Yule kijana wa matatu wa Bi Rehema bado yupo njia ya Likoni, na anaaminika kutolifungua sanduku? Au nije siku moja kabla nilale kwenu, tuteremke pamoja? Mama atakasirika nikiingia na matope ndani? Na wewe, ile kazi ya Ukunda waliishia kukwambia nini? Nijibu kabla ya Jumatano, nijue kama niwashe friji ya nyumbani. Nimeshatoa nyama zote, tope lako lina nafasi.

Wako,
Saumu