Tusiziite mbovu samani zilizokauka kwa hewa ya Dodoma

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako ili niwafikishie wasomaji wenzangu, hasa wakazi wa Dodoma, jambo ambalo limenisikitisha kwa miaka kadhaa sasa, nalo ni namna tunavyozitupa samani za mbao ngumu kwa kudhani kwamba zimekwisha, ilhali kilichozipata ni ukavu wa hewa na kukosa mtu wa kuzihudumia.

Tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba inahamia Dodoma kwa vitendo, mitaa ya Ilazo, Kisasa, Nkuhungu na Ipagala imepokea malori mengi yaliyobeba vyombo vya familia kutoka Dar es Salaam. Mimi ni mwalimu mstaafu na siku nyingi huwa nyumbani, kwa hiyo nimeyaona yakishusha meza za chakula za mninga, makabati ya mvule, vitanda vyenye matendegu ya kuchongwa na viti ambavyo bila shaka wenye navyo walivirithi kwa wazazi wao. Mwaka mmoja au miwili baadaye naviona vyombo vya aina ileile vimepangwa kando ya barabara kwa wauza mitumba, na vingine vimekwisha kupasuliwa kuwa kuni. Ukimwuliza mwenye mali atakueleza kwamba meza ilipasuka katikati, viti vikaanza kuyumba na droo zikawa zinachomoka zenyewe, naye akaamua kwamba mbao zimeoza au kwamba fundi wa zamani alimpunja.

Hakupunjwa na mtu. Ubao, hata kama ulikatwa na kurandwa miaka 40 iliyopita, haukomi kunywa unyevu wa hewa na kuutoa. Pwani, ambako hewa huwa na unyevunyevu sehemu kubwa ya mwaka, ubao hutulia ukiwa umevimba kidogo. Ukiletwa huku kwetu, zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, mahali ambapo mvua ya mwaka mzima ni kati ya milimita 500 na 600 na karibu yote hunyesha kuanzia Desemba hadi Aprili, ubao huo hukabiliwa na miezi mingi ya jua na upepo mkavu, nao hunywea. Urefu wake haupungui kwa kiasi cha kuonekana kwa macho. Kinachopungua ni upana. Ulimi wa mguu wa kiti uliokuwa umebana ndani ya tundu lake hubaki ukicheza, gundi iliyozeeka hukatika, na kila anayekaa huongeza ulegevu huo. Uso wa meza nao, ukiwa umepigiliwa misumari kwenye fremu kwa pande zote mbili, hutaka kujivuta kwa upana na misumari ikauzuia, basi hupasuka pale palipo dhaifu. Kwa mtu asiyejua, ufa ule ni dalili ya kifo cha meza. Kwa fundi, ni kazi ya siku mbili au tatu.

Nawaomba wasomaji wafikirie pia thamani ya kitu tunachokitia motoni. Mninga, mti ambao ukikatwa hutoa utomvu mwekundu kama damu, hukua polepole sana katika misitu ya miombo, na mche unaoota leo Tabora au Katavi hautatoa ubao wa meza kabla ya wajukuu wetu kuwa watu wazima. Kiini chake hakishambuliwi kirahisi na mchwa, na ni miongoni mwa mbao zinazonywea kidogo kabisa, ndiyo maana meza nyingi za mninga huumia kwenye viungo kuliko kwenye ubao wenyewe. Sisi wa umri wangu tunaukumbuka mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma ulioanza mwaka 1973, wakati ardhi ya Kondoa ilikuwa imekatwakatwa na makorongo kwa sababu ilivuliwa miti na nyasi, na kwa kumbukumbu hiyo naona ni makosa makubwa kuuchukulia mti uliokwisha kukatwa kana kwamba ni takataka. Mahali pa meza hiyo tunaweka samani ya kiwandani iliyotengenezwa kwa maranda na unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi, ambayo maji ya kupiga deki yakiigusa miguu mara kadhaa huvimba na kumeguka, na hapo hakuna fundi awezaye kuirudisha.

Mimi sikusomea useremala. Nilichonacho nilikipata kwa fundi mmoja mzee wa Chang'ombe aliyenivumilia nikikaa karakanani kwake jioni baada ya jioni nilipokwisha kustaafu, na jambo la kwanza alilonikataza ni kupigilia msumari kwenye kiungo kilicholegea. Msumari hupasua ulimi, kisha kiungo huendelea kucheza kikiuzunguka, na tundu huzidi kupanuka hadi kiti kinakuwa kibaya kuliko kilivyokuwa mwanzo. Inavyotakiwa ni kukifungua kiungo taratibu kwa kukigonga kupitia kipande cha mbao laini, halafu kuikwangua gundi yote ya zamani, ya kwenye ulimi na ya ndani ya tundu, mpaka ubao wenyewe uonekane. Hapo ndipo wengi hukosea, kwa kuwa gundi nyeupe ya mbao hushika kwa kupenya kwenye nyuzi za ubao, na haiwezi kupenya juu ya gundi iliyokauka. Ikiwa ulimi umekonda, hubandikwa kipande chembamba cha ubao wa aina ileile na kusawazishwa kwa patasi mpaka uingie kwa kubana. Asiye na jiliwa au kempu za kubania asikate tamaa: mpira wa ndani wa tairi la baiskeli ukizungushwa kwenye miguu ya kiti na kukazwa kwa kijiti hubana vizuri sana. Kiti kisimamishwe kwenye sakafu iliyo sawa ili kuhakikisha kwamba miguu yote minne inagusa chini, kisha kiachwe hadi kesho yake.

Kwa upande wa meza, nasisitiza kwamba ufa usijazwe puti wakati wa kiangazi. Mvua zikianza ubao huvimba tena, puti ile ikakosa pa kwenda, na matokeo yake ama itatoka yenyewe ama itaupasua ubao mahali pengine. Meza ya mninga ninayoandikia barua hii niliinunua Kizota kwa shilingi 60,000 ikiwa na ufa ulioweza kupitisha sarafu, na uso wake ulikuwa umepigiliwa misumari kumi na minne. Niliing'oa yote, nikaziranda kingo mbili za ufa mpaka zikakutana bila kuonyesha mwanga, nikaziunganisha kwa gundi, kisha nikaurudisha uso juu ya fremu kwa skrubu zilizopita katika matundu niliyoyachonga yawe marefu kwa upande wa upana, ili ubao uweze kujivuta na kujitanua kufuatana na majira. Masika mawili yamepita na vipupwe viwili, na mahali pa ufa hupaoni mpaka uoneshwe.

Kuiondoa vanishi ya zamani ni kazi ya subira. Kipande cha kioo kilichokatwa sawasawa, kikishikwa kwa kitambaa kinene, hukwangua vizuri kuliko msasa, ambao huziba haraka kwa vanishi iliyolainika kwa joto la msuguano. Baada ya hapo hufuata msasa namba 80 au 120 kwa sehemu zilizochubuka, kisha 180, kisha 220, daima kwa kufuata nyuzi za ubao na kamwe si kwa kukatiza, kwa sababu mikwaruzo ya kukatiza huonekana yote mara tu vanishi inapopakwa. Sehemu iliyobonyea kwa kugongwa, lakini haikukatika nyuzi, huinuka ikiwekewa kitambaa kibichi na kupitishiwa pasi ya moto. Siwashauri watu kuosha mbao kwa kostiki soda, ingawa ni rahisi, kwani huzitia weusi mbao nyingi na kulegeza viungo. Anayepiga msasa avae barakoa, kwa kuwa vumbi la mbao ni miongoni mwa vitu vilivyothibitishwa kusababisha saratani ya pua.

Kisha huja adui wetu sote wa mji huu, yaani vumbi. Kati ya Julai na Oktoba upepo wa mchana wa Dodoma utaharibu vanishi yoyote mbichi iliyoachwa uani. Mimi huifanya kazi hiyo alfajiri, ndani ya chumba ambacho sakafu yake nimeinyunyizia maji jioni iliyotangulia, na mkono wa kwanza huuchanganya na tina kidogo ili upenye na usikauke upesi mno ukaacha alama za brashi. Ukikauka, hupitishiwa msasa laini kwa mkono mwepesi, ukafutwa, ndipo mkono wa pili na wa tatu hufuata.

Kwa kuwa mkoa wetu na jirani zetu wa Singida hulima alizeti, wapo wanaopaka mafuta yake ya kula ili samani ing'ae. Itang'aa siku ya kwanza, lakini mafuta hayo hayakauki sawasawa, hubaki yakinata, na baada ya mwezi kabati huwa na ngozi ya vumbi isiyofutika. Bora zaidi ni nta ya nyuki, ambayo tunaipata kwa urahisi kutoka Manyoni na Itigi. Huyeyushwa ndani ya chombo kilichowekwa katika maji ya moto, si juu ya moto wenyewe, kwa sababu huyeyuka kwenye nyuzi joto 62 hadi 64 tu na inaweza kushika moto. Ikishaondolewa jikoni kabisa huongezwa tapentaini, sehemu tatu au nne kwa moja ya nta, ikawa laini ya kusugulia kwa kitambaa. Inafaa kwa vitanda na makabati. Kwa meza ya chakula haifai, kwani kikombe cha chai ya moto huacha alama.

Lawama yangu naielekeza kwa baadhi ya wauzaji, na nasema baadhi kwa sababu wapo waaminifu ninaowaheshimu. Niliwahi kuuziwa kabati lililopakwa vanishi nyeusi nzito, na baada ya miezi miwili nikawa nakuta kila asubuhi vijilima vya unga mwepesi chini yake. Nilipoligeuza nikaona mbao zote za nyuma zimebunguliwa na matundu yamezibwa kwa puti kabla ya kupakwa rangi. Ilinibidi nizing'oe na kuzichoma moto ili wadudu wasihamie kwenye paa la nyumba. Mnunuzi ambaye hataki kupatwa na hayo alipindue kabati, atazame upande wa chini na wa nyuma ambako rangi haifiki, aligonge asikie kama ubao unalia mtupu, na atazame kama kuna vitundu vinavyotoa unga. Kitu kilichopakwa rangi ya mafuta miaka mingi iliyopita kinahitaji tahadhari nyingine, maana rangi za zamani huweza kuwa na madini ya risasi, ambayo hudhuru akili za watoto hata kwa kiasi kidogo. Rangi ya namna hiyo isipigwe msasa mkavu hata kidogo. Iloweshwe kwa maji ndipo ikwanguliwe, mabaki yakusanywe yote kwenye mfuko, na watoto wasiwe karibu mpaka sakafu itakapopigwa deki.

Naviomba vyuo vya ufundi stadi vilivyopo hapa Dodoma viwafungulie wananchi milango ya karakana siku za Jumamosi, kwa mafunzo mafupi ya kukarabati samani, kwa ada ambayo mstaafu na mama wa nyumbani wataimudu. Vijana wengi wanajifunza kutengeneza vitanda vipya, na ni wachache mno wanaofundishwa kukitengeneza kiti cha zamani, ilhali mji umejaa viti hivyo. Nakuomba nawe, Mhariri, uwape mafundi wazee nafasi katika kurasa zako waeleze wanayoyajua, kwa kuwa huyu wangu wa Chang'ombe hana mwanafunzi hata mmoja zaidi yangu, nami nina miaka 67.

Kwa wale ambao malori yao bado hayajapanda Dodoma, nawaomba kabla ya kupakia wapindue meza na kuilegeza misumari au skrubu zinazoshika uso wake. Wakifika, wasiiweke karibu na dirisha linaloingiza jua la jioni, na wasikaze chochote mpaka kiangazi kimoja kipite.

Wako,
Mwalimu mstaafu,
Kikuyu, Dodoma