Sio mkanda, ni kuachana na tupa

Mhariri, mi ni fundi injini hapa Masasi, huu mwaka wa 19 niko na oili mikononi, naomba nafasi kidogo. Makala yenu ya magari ya zamani nimeipenda ila mmeusifia mno ule mkanda wa Ford wa 1913, ule unaosogeza gari likifungwa toka kwa mtu mmoja mpaka mwingine, kama vile ndo ulioleta kila kitu. Mkanda ulikuja mwishoni bana.

Wiki iliyopita nilikuwa na lori la korosho, nikafunga beringi mpya za krenki (ule mhimili unaozungushwa na pistoni), boksi limeandikwa standadi kabisa, yaani zikae bila kukwangua, nakaza bolti krenki ikagoma kuzunguka. Nikafungua. Siku mbili nakwangua, napaka rangi, naangalia inapogusa, nakwangua tena, na mwenye lori kakaa pale kwenye tairi ananikodolea macho. Sasa hivyo ndo injini za mwanzo zilivyokuwa zinafungwa, fundi na tupa yake, chuma kinakaa kwenye injini yake tu ukikihamishia nyingine hakikubali.

Mwaka 1908 Cadillac, kampuni ya magari ya Marekani, walipeleka magari matatu Uingereza, pale Brooklands kwenye uwanja wa mbio za magari, yakafunguliwa yote, vyuma vikachanganywa, yakafungwa upya kwa spana na bisibisi basi, tupa hakuna, yakawaka yakakimbia maili 500. Nilivyosoma hiyo nilicheka peke yangu gereji.

Ford naye akaenda njia hiyohiyo ya vyuma vinavyofanana. Bloku la gari lake la Model T, yaani lile bonge la chuma la injini, limemwagwa kipande kimoja silinda zote nne, hedi, ule mfuniko wa juu, unaifungua kivyake (hapo mafundi walipumua), na kiwandani Highland Park kulikuwa na mashine ya drili inatoboa bloku matundu 45 kutoka pande nne kwa mpigo mmoja, anayeiendesha wala si lazima awe fundi, bloku likishabanwa tundu haliwezi kuhama. Matundu yakishafanana ndo unapanga watu kwenye mstari kila mtu na bolti yake, na kufunga injini moja kukashuka toka dakika 594 mpaka 226. Ungewapa mkanda watu wenye tupa mkononi si ungekuwa unasimama kila saa?

Aliyeniuzia zile beringi nimempigia simu kulalamika. Kaniambia, "Fundi wangu, si unapitisha tupa kidogo tu itakaa."

Fundi injini,
Masasi, Mtwara