Chakula kabla ya onyesho, Jumamosi New York

Wapendwa, habari zenu. Onyesho linaanza saa 2 usiku, hivyo saa 11 na nusu tuwe mezani. Tukichelewa, migahawa ya West 46th Street, kati ya Eighth na Ninth Avenue, itakuwa imefurika wenye tiketi wenzetu. Times Square, ule uwanja wa mabango ya taa, tupite tu kupiga picha. Pale unalipia taa kuliko chakula. Mimi naona twende Ninth Avenue, migahawa ya Kithai iko mingi na bei zina huruma kidogo. Kumbukeni bei ya menyu si ya mwisho: kuna kodi karibu asilimia 9, na bakshishi asilimia 18 hadi 20. Tukikaa tu, tumwambie mhudumu tunawahi onyesho. Mwenye mzio wa karanga au anayetaka halali aseme leo, kesho asubuhi naweka nafasi.