Barua ya Wazi kwa Mkurugenzi wa Maendeleo ya Huduma: Turudishieni Gumzo Linalosomeka

Ndugu Mkurugenzi,

Nakuandikia hadharani kwa kuwa njia ya kawaida imekwisha kujaribiwa. Watumiaji wengi, nami nikiwa miongoni mwao, tumejaza fomu ya maoni kuhusu mpangilio mpya wa gumzo katika matangazo mubashara ya jukwaa lenu, na tulichopokea ni shukrani iliyotungwa na mashine pamoja na ahadi kwamba maoni yetu yatafikishwa panapohusika. Mimi ni msimamizi wa gumzo katika chaneli kadhaa, kazi ninayoifanya kwa kujitolea kama wasimamizi wengi walivyo, na naamini kwamba panapohusika ni mezani kwako.

Hapo awali kila ujumbe ulikaa katika mstari wake: saa, beji, jina la mwandishi kwa rangi yake, nukta mbili, kisha maneno. Baada ya sasisho, jina limepandishwa juu peke yake, maneno yamewekwa chini yake ndani ya kiputo, na nafasi tupu imeachwa kati ya kiputo na kiputo. Rangi za majina zimefutwa na majina yote yamekuwa ya kijivu. Saa imefichwa hadi mtu aguse ujumbe husika, na picha za hisia zinazocheza zimekuzwa hadi zikapita kimo cha maandishi yanayozizunguka. Katika mipangilio hakuna mahali popote pa kurejesha hali ya zamani.

Natambua kwamba viputo vinapendeza, na kwamba watu wamevizoea katika programu za kutumiana jumbe. Lakini katika mazungumzo ya watu wawili ujumbe humsubiri msomaji. Akirudi jioni ataukuta pale pale alipouacha. Katika gumzo la matangazo mubashara ujumbe haumsubiri mtu. Unatokea chini, unasukumwa juu na wenzake, unapotea. Kwa hiyo kila kipande cha nafasi kinachotumiwa na pambo ni muda ambao msomaji amenyang'anywa, na muda huo unaweza kupimwa kwa hesabu nyepesi. Chukulia gumzo linapokea jumbe mbili kwa sekunde, kasi isiyo ya ajabu katika chaneli yenye watazamaji wengi. Dirisha likibeba jumbe 30, kila ujumbe unabaki mbele ya macho kwa sekunde 15. Dirisha hilo hilo likibeba jumbe 12 kwa sababu ya viputo na nafasi tupu, ujumbe unabaki sekunde 6 tu. Katika sekunde hizo 6 mtangazaji anatakiwa aone swali, alielewe, amtambue aliyeuliza na afungue kinywa kumjibu, huku mikono yake ikiwa katika shughuli anayoitangaza. Watangazaji wengi hawawezi, na matokeo yake tunayaona kila siku: maswali ya watazamaji wapya yanapita bila kujibiwa, na mtazamaji mpya aliyeuliza mara mbili bila kusikia jina lake likitajwa huondoka.

Mpangilio wa mstari mmoja una historia ndefu kuliko ya jukwaa lolote la matangazo. Jarkko Oikarinen alipounda IRC, mfumo wa mapema wa gumzo la maandishi kwenye intaneti, katika Chuo Kikuu cha Oulu, nchini Ufini, mwaka 1988, mazungumzo ya kundi yalionyeshwa kwa namna hiyo: jina, kisha maneno, kisha mstari unaofuata. Twitch, jukwaa la matangazo mubashara lililoanza mwaka 2011, lilijenga gumzo lake juu ya itifaki hiyo hiyo, yaani kanuni zile zile za kupitishia jumbe. Sisemi kwamba kitu cha kale ni chema kwa sababu ya ukale wake. Ninachosema ni kwamba mpangilio huo umepitia mikono ya watu wengi sana, katika vyumba vya mazungumzo vyenye pilikapilika kubwa, na ukabaki kwa sababu jicho linaweza kushuka nao bila kuruka huku na kule.

Kuhusu rangi za majina nitakaa kidogo, kwa maana hapo ndipo maelezo yaliyotolewa na timu yako yamenisikitisha zaidi. Tuliambiwa rangi zimeondolewa kwa ajili ya watu wenye upofu wa rangi na wenye uoni hafifu. Hilo ni kundi la watu ninalolijali, na wamo katika chaneli ninazozisimamia. Lakini miongozo ya kimataifa ya ufikivu wa wavuti, inayotolewa na W3C, shirika la viwango vya wavuti, na kujulikana kwa kifupi chake cha WCAG, haisemi rangi ziondolewe. Inasema rangi isiwe njia pekee ya kufikisha taarifa. Jina limeandikwa kwa herufi. Rangi ilikuwa nyongeza tu juu ya herufi hizo, na asiyeiona hakukosa taarifa yoyote. Miongozo hiyo hiyo inataka maandishi ya kawaida yawe na utofauti wa mwangaza usiopungua 4.5 kwa 1 dhidi ya mandhari yake, na kijivu kilichochaguliwa, juu ya mandhari meusi ambayo wengi wetu huyatumia usiku, kinasomeka kwa shida hata kwa mwenye macho mazima. Naomba wataalamu wako wakipime. Vilevile, miongozo hiyo inataka kitu kinachojiendesha chenyewe kwa zaidi ya sekunde 5 sambamba na maudhui mengine kiwe na njia ya kusimamishwa au kufichwa. Picha za hisia zinazocheza zimekuzwa, na njia ya kuzisimamisha haikuwekwa. Ikiwa ufikivu ndio ulioongoza mabadiliko haya, basi ulipaswa kuanzia hapo.

Rangi ile ilikuwa na kazi nyingine ambayo huenda mtu asiyeshinda ndani ya gumzo hawezi kuiona. Mtu akiandika mara kwa mara katika chaneli moja, wenzake humtambua kwa rangi kabla hawajasoma jina. Mazungumzo matatu yanaweza kuendelea kwa wakati mmoja katika dirisha moja, na kila mmoja akafuata lake, kwa sababu jicho linaunganisha rangi na rangi. Majina yote yakiwa kijivu, nyuzi hizo zinakatika. Watu sasa wanajibizana bila kujua wanamjibu nani, na ugomvi usio na sababu umeongezeka katika chaneli ambazo zilikuwa tulivu.

Sasa nije kwenye kazi yetu wasimamizi. Mwaka 2021 watangazaji wengi wa Twitch, hasa watu weusi na watu wa makundi mengine yanayobaguliwa, walikumbwa na mashambulizi ambapo akaunti za roboti zilimwagwa kwa wingi ndani ya gumzo zikiandika matusi ya chuki. Tarehe 1 Septemba mwaka huo watangazaji waligoma kwa siku nzima kudai ulinzi. Yeyote aliyewahi kuzuia shambulio la namna hiyo anajua kwamba kinachookoa ni kuona jumbe nyingi kwa pamoja: majina yanayofanana kwa muundo, maneno yanayorudiwa, na saa zinazoonyesha kwamba akaunti ishirini zimeandika katika sekunde moja. Mpangilio mpya umeficha saa, umepunguza idadi ya jumbe zinazoonekana, na umetenganisha jina na maneno, hivyo kumfanya msimamizi asome mistari miwili pale aliposoma mmoja. Msimamizi anayekawia kwa sekunde kumi ameshamwacha mtangazaji asome tusi hilo mbele ya watu wote.

Saa ina umuhimu wake hata pasipo na shambulio. Picha na sauti za matangazo humfikia mtazamaji zikiwa zimechelewa kwa sekunde kadhaa, na ucheleweshaji huo hutofautiana kati ya mtazamaji mmoja na mwingine kulingana na intaneti yake. Mtu anayeandika "ndiyo" anajibu jambo lililosemwa muda mfupi uliopita. Bila saa mbele ya ujumbe, mtangazaji hajui "ndiyo" hiyo ni ya swali lipi, na msimamizi anayepitia kumbukumbu baada ya mzozo hawezi kupanga nani alianza.

Nimesikia hoja kwamba watumiaji hukasirikia kila badiliko, kisha huzoea. Mfano unaotolewa mara nyingi ni wa Facebook, ambapo mwaka 2006 watu walipinga ukurasa wa habari mpya (News Feed), uliowaonyesha marafiki kila walichokifanya, na leo hakuna anayeukumbuka ukurasa uliotangulia. Mfano huo unasimuliwa nusu. Ukurasa ulitoka tarehe 5 Septemba 2006, na kufikia tarehe 8 Mark Zuckerberg alikuwa amewaomba watumiaji radhi hadharani na kampuni imeongeza vidhibiti vipya vya faragha. Watu walizoea baada ya kusikilizwa. Digg, tovuti ambapo watumiaji walipendekeza viungo vya habari na kuvipigia kura, nayo ilibadilisha sura na utaratibu wake mwezi Agosti 2010, watumiaji wakalalamika, wengi wakahamia Reddit, tovuti ya aina hiyo hiyo, na mwaka 2012 kampuni hiyo ikauzwa vipande vipande. Reddit yenyewe ilipobuni upya tovuti yake mwaka 2018 iliiacha sura ya zamani ikiendelea kupatikana kwa anwani yake, na anayeipenda hakulazimishwa kuiaga.

Haki nayo isemwe: mpangilio mpya una wanaoupenda. Katika simu, mtu anayetazama chaneli ndogo yenye watu thelathini anaweza kuona viputo vimetulia na herufi zimekuwa kubwa, na sipendi anyang'anywe utulivu huo ili mimi nirudishiwe mistari yangu. Ndiyo maana sikuombi uufute. Huduma za barua pepe kama Gmail zimempa mtumiaji nafasi ya kuchagua msongamano wa orodha yake, yule anayetaka nafasi na yule anayetaka mistari mingi, na hakuna aliyedhurika.

Ombi letu la kwanza, basi, ni kitufe kimoja katika mipangilio ya gumzo kitakachorejesha mstari mmoja kwa kila ujumbe, kikumbukwe katika akaunti ya mtumiaji, na kifanye kazi katika simu na katika kompyuta vilevile. Saa irudishwe mara moja kwa wasimamizi na watangazaji, hata kabla ya kitufe hicho kuwa tayari, kwa sababu hilo ni suala la usalama. Rangi za majina zirudi zikiwa zimerekebishwa mwangaza ili zisomeke juu ya mandhari meupe na meusi, na asiyezitaka apewe nafasi ya kuzizima. Picha zinazocheza ziweze kusimamishwa.

Kuna jambo jingine ambalo haligharimu msimbo wowote. Sasisho hili lilitufikia bila taarifa, wengine likiwakuta katikati ya matangazo. Watengenezaji wa viendelezi, yaani programu ndogo zinazoongezwa kwenye kivinjari, ambao wengi wao hufanya kazi hiyo bila malipo, waliamka wakakuta vifaa vyao vimevunjika, na kwa sasa watu wanapakua viendelezi visivyojulikana vilikotoka ili tu warudishiwe gumzo la zamani. Baadhi ya viendelezi vya aina hiyo huomba ruhusa ya kusoma kila kitu ndani ya kivinjari. Kila siku kitufe kinapochelewa, hatari hiyo inawakuta watu ambao kosa lao ni kutaka kusoma.

Wasimamizi wa chaneli zenye watazamaji wengi wangekubali kuujaribu mpangilio wowote mpya kabla haujatolewa kwa umma, katika gumzo halisi, lenye kasi halisi, na kuwaandikia wabunifu wako kile walichokiona. Mimi niko tayari, na wenzangu niliozungumza nao wako tayari. Tunachohitaji ni mahali pa kuandika maoni hayo ambapo binadamu atayasoma na kujibu, na tarehe ambayo timu yako itatueleza ni lipi kati ya haya litafanyika na lipi halitafanyika, pamoja na sababu zake.

Nasubiri jibu lako.

Wako katika kazi,

Msimamizi wa gumzo, kwa niaba yangu na ya wasimamizi wenzangu