Deraya zenye mota huzuiwa na ardhi, si kuta

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo linalowagusa wenzangu wa hapa Mombasa wanaokutana mwishoni mwa wiki kucheza michezo ya vita ya mezani, hasa ile ya kubuni ya kisayansi ambamo askari huvaa deraya zenye mota, yaani mavazi ya chuma yanayosogezwa kwa mashine. Kinachonisikitisha ni jinsi watunzi wetu wa mapambano wanavyopanga vikwazo. Huchora ukuta, seng'enge na uwanja wa mabomu ya ardhini, vitu vilivyokusudiwa kumzuia askari wa miguu, kisha hushangaa deraya zinapovipita katika zamu za mwanzo. Mchezo ujao huuongeza ukuta urefu, mpinzani naye huongeza nguvu ya kuruka, na pambano zima hugeuka kuwa ubishi wa tarakimu.

Rai yangu ni kwamba kikwazo kilenge udhaifu wa deraya yenyewe, nao ni uzito mkubwa unaobebwa na miguu miwili. Kampuni ya General Electric ya Marekani ilipojaribu kuunda vazi la namna hii katika miaka ya 1960, lililoitwa Hardiman, lilifikia kilo 680 hivi, na halikuwahi kuwa salama kuwashwa lote mtu akiwa ndani. Tuseme deraya ya mchezoni, pamoja na aliyeivaa, ina kilo 500, na wayo wake una eneo la sentimita 500 za mraba. Kila inapoinua mguu mmoja, ule uliobaki huikandamiza ardhi kwa kilo 1 kwa kila sentimita ya mraba, na hilo ni karibu sawa na shinikizo la kifaru cha tani 60, kwa kuwa kifaru hutandaza uzito wake juu ya minyororo mipana. Tena kifaru hakihitaji kusimama kwa mguu mmoja ili kisogee.

Basi anayetaka kuilinda meza yake na autazame ufuo wa Tudor wakati maji yamekupwa. Tope la mikokoni, ambalo mvuvi hulipita akizama hadi kwenye vifundo, litaimeza deraya hiyo hadi magotini, na mizizi iliyofichika chini yake itaushika mguu unapovutwa. Katika pambano tulilolipanga hivi karibuni tulitandaza kitambaa cha kijivu kuwa tope, tukaweka kanuni kwamba deraya iliyokwama hupoteza zamu nzima ikijinasua, isipokuwa mwenzake wa jirani asimame amvute. Punde kete mbili za deraya zilikuwa zimesimama wazi mbele ya mzinga mmoja mdogo, na kamanda wao, aliyezoea kurusha dadu bila kufikiri, alilazimika kuchagua nani amwache. Uamuzi wa aina hiyo ndio ninaoutafuta katika michezo hii, na hakuna ukuta uliowahi kunipa.

Kuhusu kuruka, mrukaji asizuiwe anakotoka, bali aharibiwe mahali pa kutua. Paa la mabati juu ya mbao nyembamba halihimili nusu tani. Anayelitoboa na kuanguka mita 3 hufika sakafuni kwa kasi ya karibu kilomita 28 kwa saa, na hata chuma kikisalimika, mwili uliomo ndani nao husimama ghafla. Mtunzi aamue mapema deraya zake zinapunguza kishindo hicho kwa kiasi gani, kisha alishikilie jibu lake mchezo mzima.

Hata hivyo, tope na mashimo havitoshi pasipo mtu wa kuvilinda kwa silaha. Somo hili tunalo mjini kwetu. Fort Jesus, iliyoanza kujengwa mwaka 1593 kwa ramani ya mhandisi Mwitaliano Giovanni Battista Cairati, ina handaki kavu upande wa bara, na buruji zake, yaani sehemu za ngome zilizochomoza nje ya ukuta, zimepangwa ili walio katika moja waweze kuufyatulia ubavu wa ukuta wa jirani. Aliyeingia handakini alikuwa ameingia mahali alipokwisha kulengwa. Watunzi wetu wengi huweka shimo pembeni mwa meza, mbali na kila bunduki, na adui hulizunguka au hupumzika ndani yake.

Mitego iliyofichwa nayo iandikwe kwenye karatasi kabla ya dadu ya kwanza, pamoja na dalili itakayomwezesha mchezaji makini kuigundua: ardhi iliyochimbuliwa, majani yaliyonyauka, njia ambayo wenyeji hawaipiti. Mtego usio na dalili ni dhuluma, na wachezaji wachanga huiacha michezo hii kwa sababu ya dhuluma za namna hiyo.

Mwisho nawaomba waandaaji wa mashindano yetu waweke kikomo cha zamu katika kila pambano. Kikwazo kazi yake ni kumchelewesha adui, na pale ambapo mshambuliaji ana muda usio na mwisho, atalivuka tope letu taratibu bila kupoteza chochote.

Mpenzi wa michezo ya mezani,
Kisauni, Mombasa.