Asilimia 13 ilinidanganya

Mhariri,

Naomba nafasi niwaulize wauzaji wa programu za kuskani: kwa nini hamtuambii kabla hatujalipa kwamba programu yenu inatumia kiini kimoja tu cha prosesa, yaani kitengo kimoja tu kati ya vile vinavyofanya kazi ndani ya ubongo wa kompyuta?

Mimi ni karani wa masjala. Kwa miaka mitatu sasa ninaskani majalada ya zamani na kuyapitisha kwenye programu ya kutambua herufi, ili mtu akitafuta jina alipate bila kufunua karatasi moja moja. Jalada la kurasa 640 lilikuwa likila saa moja na nusu. Nilipowalalamikia waliotuuzia programu, wakanijibu kwamba kompyuta imechoka, tununue nyingine. Nikaandika dokezo la maombi.

Kabla sijalipeleka nilifungua lile dirisha la Windows linaloonyesha shughuli za prosesa. Asilimia 13. Nikasema, ala, prosesa inasinzia, basi tatizo ni diski! Nilijidanganya. Kompyuta yetu ina viini vinne, na kwa kuwa kila kimoja huendesha nyuzi mbili za kazi, Windows huhesabu prosesa nane. Moja ya nane ni asilimia 12.5. Nilipobofya kulia kwenye grafu na kutaka kila prosesa ionekane peke yake, vikatokea visanduku vinane, mzigo ukirukaruka kutoka hiki kwenda kile, lakini ukiujumlisha haupiti kazi ya kisanduku kimoja. Programu ilikuwa imefika kikomo chake, saba ya nane ya mashine ikitazama tu.

Sasa hiyo kompyuta mpya ingenifaa nini? Joto liliwashinda watengenezaji wa prosesa zamani, wakaacha kukimbizana na gigahazi, yaani kasi ya kila kiini, wakaongeza viini. Intel na AMD waliingiza viini viwili kwenye kompyuta za mezani mwaka 2005. Ningenunuliwa mashine ya viini 16, programu ile ile ingekalia kimoja.

Tena kazi yenyewe inagawanyika kirahisi mno: ukurasa wa 7 hauna haja ya kuusubiri wa 6. Nikajaribu Tesseract, programu ya bure ya kutambua herufi iliyozaliwa katika kampuni ya Hewlett-Packard miaka ya 1980. Nayo ina vituko vyake. Tangu toleo la 4, ukurasa mmoja inaweza kuugawia nyuzi hadi nne, nazo hupoteza muda kungojeana. Dawa yake inashangaza: unaiwekea mpangilio uitwao OMP_THREAD_LIMIT, yaani kikomo cha nyuzi, uwe 1, kila ukurasa ushikwe na uzi mmoja, halafu unaanzisha kurasa kadhaa kwa mpigo.

Nilianzisha nane. Kompyuta ikaganda, hata kishale cha mausi hakikusogea. Ukurasa wa A4 kwa dpi 300, yaani nukta 300 kwa kila inchi, ni pikseli 2480 kwa 3508. Ukiwa wa rangi, ukifunguliwa, unakaribia megabaiti 26, na programu hutengeneza nakala nyingine inapousafisha. Kumbukumbu yetu ni gigabaiti 4, na nilikuwa nimeacha kivinjari wazi, basi ikajaa. Nikapunguza hadi kurasa sita. Jalada lile lile likaisha kwa dakika 27. Ili nisiwaonee wale wauzaji, niliirudia Tesseract ukurasa mmoja mmoja: dakika 88. Kwa hiyo si kwamba programu yao ni mbovu kuliko nyingine. Imefungwa mikono.

Sidai miujiza. Hatua ya mwisho ya kuunganisha kurasa kuwa PDF moja bado huenda kwa uzi mmoja, skana yenyewe inafuata mota yake, na pini zilizoshika kutu nazing'oa kwa kucha. Hapo hata viini 64 havinisaidii. Lakini kwenye maboksi yao huandika kumbukumbu inayohitajika na nafasi ya diski. Waongeze mstari mmoja: programu inatumia viini vingapi. Na kwenye mipangilio waweke kisanduku cha kuchagua idadi, maana mwenye kumbukumbu ndogo kama mimi atataka kuipunguza.

Dokezo la kuomba kompyuta mpya bado liko kwenye droo yangu. Hizo dakika 27 na 88 nimeziandika mgongoni mwake.

Karani wa masjala